Ganda Lenye Matundu

Mwalimu Dionis akiingia kanisa asilolijua, hatafuti maji ya baraka kwanza. Anatafuta kengele. Akiiona ataizunguka, ataigonga kwa ukucha na kutega sikio, kisha ataomba ngazi. Wasiomjua hudhani ni mcha Mungu wa aina yake peke yake. Wanaomjua hucheka na kuleta ngazi. Kutoka Titye, wilayani Kasulu, ambako ndiko kwao, hadi Kibondo huko, sidhani kama kuna katekista au mwalimu mkuu wa makamo ambaye hajawahi kumshikia ngazi mzee yule huku akijiuliza moyoni kama kweli mwalimu ni mzima.

Ngazi ni ya nini? Ni kwamba kengele nyingi za kwetu si kengele. Ni maganda ya mizinga. Vita vimepita huku, na vingine vimepita kandokando yetu, na kila vilipoisha palibaki maganda matupu ambayo mtu mwenye akili hakuyaacha yaoze porini. Alitoboa kitako, akapitisha waya, akaning'iniza ganda kwenye mti wa shule au mbele ya kanisa dogo la kigango, akatafuta nondo ya kugongea. Watoto wa watoto wamesoma kwa kengele hizo, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Dionis ndiye aliyeuliza. Na majibu yako juu kwenye kitako, palipofungwa waya, ndiyo maana ya ngazi.

Juu pale anasoma. Kuna mwaka, kuna alama ya kiwanda, kuna herufi za Kijerumani au za Kirusi au za Kichina. Katikati pana fataki, kile kidude kinachogongwa na pini ya mzinga ili baruti iwake. Fataki yenye kishimo imeshapigwa. Isiyo na kishimo, shuka kwenye ngazi polepole na uwaambie watu wasogee. Kisha anatoa rula yake ya chuma na kupima mdomo. Milimita thelathini na saba, hilo ni ganda la mizinga ya kwanza kabisa ya kupigia vifaru, kadogo, akina mama wengine wanakawekea maua. Hamsini na saba. Sabini na sita, la Kirusi, shingo imebana. Themanini na tano, hilo likigongwa linasikika vijiji viwili. Yote anayaandika katika daftari la kaunta, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la tatu.

Sebuleni kwake yamesimama maganda thelathini na moja, mafupi mbele, marefu nyuma, kama wanafunzi mstarini. Mengine aliyanunua, mengine alipewa na watu waliotaka kumridhisha. Mwaka fulani mkulima mmoja wa Kasanda alimletea gunia begani, akalitua sebuleni kwa kishindo, akasema kwa furaha, "Mwalimu, hili langu bado lina kichwa!" Dionis hakusema asante. Aliwatoa watu wote nje, akina mama na kuku, akapiga simu polisi, akakaa barabarani mpaka wanajeshi walipokuja kulichukua na kwenda kulilipua shimoni mbali na watu. Tangu siku hiyo kila anayemletea kitu husimama kwanza nje ya uzio na kupaza sauti: kina kichwa au hakina? Chenye kichwa, yaani chenye bomu lake bado, hakiguswi wala hakibebwi, wanaitwa wenye kazi yao.

Kwa hiyo watu walimwona kuwa ni mzee mwenye mapenzi ya vyuma. Walikosea. Kati ya maganda yale thelathini na moja hakuna hata moja analolipenda. Kila moja ni siku aliyopanda ngazi kwa matumaini na kushuka akiwa mtupu. Alikuwa anatafuta ganda moja tu, na hakuwahi kumwambia mtu ni la nani.

Lilikuwa la kaka yake, Pasikali.

Pasikali aliondoka Titye mwishoni mwa mwaka sabini na nane, vita vya Kagera vilipoanza, akiwa na miaka ishirini na miwili. Kigango chao wakati huo hakikuwa na kengele. Waligonga jembe bovu, na Bibi Recho, mama yao, ambaye alikuwa akifagia kanisa kila Jumamosi, alilionea aibu jembe lile. Pasikali alipokuwa anaaga alimwambia, "Mama, nitakuletea kengele. Ukiisikia, ujue ni mimi nimefika." Mama akacheka. Akamfungia karanga.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata ilikuja barua, ya mwisho. Mama hakujua kusoma, baba alikuwa anasoma kwa kuhangaika, kwa hiyo aliyesoma ni Dionis, miaka kumi na sita, kifua mbele kwa sababu ya elimu yake. Barua ilisema: *Tumepewa mzinga wa kupiga vifaru, wa milimita sabini na tano, mimi ndiye ninayeutia risasi. Ganda la kwanza tulilopiga nimeliomba nimepewa. Nimempa mwenzangu wa upande wetu anayerudi, atalifikisha. Mama, kengele niliyokuahidi sijaisahau.* Dionis alikunja barua, akamwambia mama yake kwa furaha, "Pasikali anakuletea kengele! Iko njiani!"

Haikufika. Ilifika barua nyingine, ya serikali, iliyosema kwamba askari Pasikali hajulikani alipo.

Hajulikani alipo! Neno hilo ni baya kuliko kifo, na anayebisha hajawahi kulipokea. Majirani walikuja na kuni na maharage ili msiba uanze, kama ilivyo desturi. Bibi Recho akawasimamisha mlangoni. "Rudini na kuni zenu," aliwaambia. "Mwanangu amesema kengele iko njiani. Ikifika nitajua la kufanya. Nikimlilia naye yu hai, nimemuua kwa mdomo wangu." Watu wakarudi. Tangu siku hiyo nyumbani kwake ilikuwa marufuku kumtaja Pasikali kama marehemu, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtaja kama aliye hai, hakutajwa kabisa. Baba alikufa bila kulitamka jina la mwanawe wa kwanza. Dionis alipoanza kuzunguka na ngazi, aliwaambia watu kuwa anaandika historia ya kengele. Wakaamini. Mwalimu ataandika nini kama si historia?

Miaka arobaini na sita! Kuna siku alikuwa darasani anafundisha hesabu, kengele ya mapumziko ikalia, na mkono wake ukasimama ubaoni na chaki. Alitamani kusikia kengele moja ambayo angeijua. Alimtamani kaka yake kwa namna ambayo hata sura yake ilikuwa imeshafutika kichwani, imebaki sauti ya viatu vya matairi akirudi kutoka kisimani.

Mwaka huu masika yalipokatika, Bibi Recho alikataa ugali. Ana miaka tisini, haumwi kitu cha kutaja, anaisha tu. Padri alikuja akampaka mafuta. Alipoondoka, mama alimwita Dionis akae kitandani.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "nikimkuta Pasikali huko, nitamwambia nini? Kwamba sikumlilia?"

"Mama, mlilie basi. Mlilie leo. Nitawaita watu."

"Na kama hayuko huko? Kama yuko mahali, amezeeka, na mimi nimemlilia?" Akageukia ukutani. "Wewe ulisoma barua. Kengele iko wapi?"

Dionis aliinuka. Alikwenda sebuleni, akakaa na maganda yake thelathini na moja, akayachukia yote.

Siku ya soko alikwenda Makere, karibu na kambi ya Nyarugusu, kwa Cyriaque. Huyu ni Mkongo anayetengeneza majiko ya mkaa kwa vyuma chakavu, na mara moja moja alimwekea Dionis kitu. Siku hiyo hakuwa na kitu. Alimwangalia mwalimu usoni, akaacha nyundo.

"Mwalimu, miaka yote unatafutaka nini mu hii vyuma?"

Sijui kwa nini Dionis alimwambia. Labda kwa sababu Cyriaque mwenyewe ana dada wawili ambao tangu walipokimbia Fizi, kwao Kongo, hajui waliko, na hajawahi kuwalilia. Alimwambia yote: barua, milimita sabini na tano, kengele, mama. Cyriaque alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kichwa.

"Kanoni ya kupiga vifaru, soixante-quinze, sabini na tano ile, watu wawili banabeba?"

"Ndiyo hiyo."

"Ya Wachina. Nilikuwa mécanicien, fundi mu jeshi, naijua. Inatoshaka moto nyuma, inautupa kule." Akachukua bati la jiko alilokuwa ametoboa toboa, akaliinua juani ili mwanga upite. "Mwalimu, douille yake, ganda lake ile, haiwezi kuwa kengele. Iko na matundu mwili muzima, hivi. Moto inatokea mule. Ukigonga inasema ko, basi. Hakuna mutu atatundika ile ku kanisa."

Dionis alikaa juu ya rundo la vyuma bila kuombwa. Mtu aliyejua vitako vya mizinga ya mataifa manne hakuwa amewahi kuliona ganda la mzinga wa kaka yake, kwa sababu alikuwa anaangalia juu tu, kwenye kengele.

Aliporudi nyumbani alitoa ile barua, akaisoma kama inavyosomwa na mzee. *Ganda nimempa mwenzangu, atalifikisha. Kengele niliyokuahidi sijaisahau.* Vitu viwili. Pasikali hakusema popote kwamba ganda ndiyo kengele. Ni yule kijana wa miaka kumi na sita aliyeviunganisha kwa mdomo wake, na mama akakaa mlangoni miaka arobaini na sita akisubiri kitu ambacho hakikutumwa. Dionis alilia, na akajitukana kwa Kiha, maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Kisha akashusha madaftari. Matundu, mwili mzima. Alikuwa ameyaona mahali, alikuwa na hakika, na si kanisani. Alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine mpaka akafika mwaka tisini na sita: *Kumsenga, Kibondo. Kengele: rimu ya lori. Si kitu. Tumepewa asali na mjane mmoja jirani ya kanisa, nzuri sana.*

Picha ikamrudia. Mlango wa jiko. Mwanamke anachuja asali. Masega yamejazwa katika kipande cha bomba chenye matundu, kimening'inizwa kwa waya juu ya ndoo, na asali inatoka pande zote kwa nyuzi nyembamba. Naye, mtaalamu wa maganda, alisimama pale pale akaramba kidole, akasema asante, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Asubuhi aliwasha pikipiki kabla mama hajaamka. Kumsenga alifika jua likiwa limepanda. Nyumba ilikuwa ile ile, bati jipya. Mjane alikuwa ameketi barazani anatenganisha nta na masega, mwanamke wa rika lake. Anaitwa Elieth.

"Mwakeye, dada."

"Mwakeye neza. Karibu." Akamkazia macho. "Wewe si yule mwalimu wa kengele?"

"Ndiye. Ila leo sikuja kwa kengele." Alisimama na kofia ya pikipiki mkononi, na akagundua kwamba hajui jinsi ya kuanza, kwa sababu sentensi hii hakuwahi kuitamka mbele ya mtu wa upande huu. "Nina kaka yangu. Anaitwa Pasikali. Mtu wa Titye, Kasulu. Alikwenda vita vya Kagera."

Elieth aliweka sega chini. Alifuta mikono, akaingia jikoni, akakaa humo kidogo. Alipotoka alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa kanga, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na alikibeba kwa mikono miwili.

"Mmechelewa sana, kaka," alisema.

Mumewe aliitwa Gasper. Alirudi kutoka vitani na jeraha la mguu lililooza, akaishi wiki tatu. Ganda alilileta yeye. Alimwambia mkewe, aliyekuwa bibi harusi wa miezi minane, kwamba hii ni amana ya mtu wa Kasulu, ni ya mama yake, asiiuze, mwenyewe atakuja kuichukua. Jina la mtu alilitaja, lakini homa ilikuwa imeshamchanganya, akataja majina mengi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipita mara nyingi kwa miaka ile, Elieth aliwafukuza. Alilipaka nta kila mwaka lisishike kutu, ili mwenyewe akija alikute zima.

"Na mimi nilifika hapa mwaka tisini na sita," Dionis alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza kengele, kaka. Nikakuonyesha kengele. Ungeuliza mtu, ningekujibu mtu."

Akafunua kanga. Matundu mengi, duara baada ya duara, meusi kwa nta. Kishimo cha fataki katikati ya kitako, na kukizunguka, kwa ncha ya msumari, maandishi yaliyopinda pamoja na ukingo: MAMA UCHUJIE POMBE. KENGELE NALETA MWENYEWE. P.

"Nilisoma kuchujia," Elieth alisema kwa aibu, "nikaona isikae bure. Nikachujia asali."

Dionis alicheka na kulia kwa pamoja. Ulikuwa mzaha wa Pasikali kabisa. Ameahidi kengele, vita vimempa chekecheke, naye akalituma hivyo hivyo, kwa mama ambaye alikuwa anachuja pombe ya ndizi kwa majani. Elieth akamjazia chupa ya asali, akakataa kurudishiwa kanga. Alibaki barabarani mpaka pikipiki ilipopotea, mikono mitupu ikimsumbua asijue aiweke wapi.

Njia nzima furaha ilikuwa ikipungua. *Kengele naleta mwenyewe.* Mama akisomewa hivyo atafanya nini? Atasema, basi kengele bado, tusubiri. Atasubiri mpaka pumzi ya mwisho, atakufa hajamlilia mwanawe, na mwenye kosa atakuwa yule yule msomaji. Kabla ya Kasulu alisimamisha pikipiki kando ya mashamba ya mihogo, akaamua. Mama hajui kusoma. Atamwambia pameandikwa jina lake, basi, kengele imefika. Amefundisha watoto miaka thelathini na nane kwamba uongo ni dhambi, na uongo huu alikuwa tayari kwenda kuujibu mbele ya Mungu.

Bibi Recho aliinuliwa akaegemezwa mto. Dionis akamwekea ganda mapajani, akampa kijiko. Mama aligonga. Ko. Akagonga tena, ko, akamwangalia mwanawe.

"Hii si kengele."

"Si kengele, Mama. Lakini ni ya Pasikali. Aliyepewa ailete alikufa kabla ya kutufikia, mkewe akaitunza."

Mama akaanza kulipapasa, tundu kwa tundu, mpaka kidole kikafika kwenye kitako na kugusa mikwaruzo. Kikaifuata polepole, kikaizunguka yote, kikarudi mwanzo. "Ameandika," alisema. "Soma."

Uongo ulikuwa mdomoni, umeshapangwa. Lakini kidole kile kilikuwa juu ya herufi. Mwalimu Dionis, ambaye mara ya kwanza alimsomea vibaya, alishindwa kumsomea vibaya mara ya pili.

"Ameandika: Mama uchujie pombe. Kengele naleta mwenyewe."

Mama akapitisha kidole juu ya herufi tena. Nje kuku walikuwa wanaparua. Dionis akangoja neno alilokuwa analiogopa.

"Ataleta mwenyewe," mama alisema. "Si kwa mkono wa mtu."

"Ndivyo alivyoandika."

"Pasikali aliwahi kuniahidi kitu asilete?"

"Hapana, Mama."

"Hata kuni akisema analeta, analeta. Akiwa na homa analeta." Alilikumbatia ganda kifuani kwa mikono yake myembamba. "Amesema analeta mwenyewe, na hajaleta. Basi mwanangu amekufa, Dionisi. Amekufa zamani. Angekuwa hai angeleta."

Akafungua mdomo akalia. Kilikuwa kilio cha mwanamke wa miaka arobaini na minne, si cha bibi wa tisini, kilikuwa kimewekwa humo ndani chote bila kupungua. Majirani walianza kutoka nje ya nyumba zao. "Waite," alisema katikati ya kilio. "Waambie sasa walete kuni."

Dionis alikwenda kigangoni kwa miguu. Katekista Bazilio alimwona anavyokuja, akavua kofia. "Pole, mwalimu. Bibi ametutoka?"

"Mama yupo. Ni kaka yangu. Naomba kengele ya msiba."

"Kaka yako?" Bazilio ni wa kizazi cha juzi, hakuwahi kusikia kwamba mwalimu alikuwa na kaka. Alifungua kitabu cha marehemu, akashika kalamu. "Jina?"

"Pasikali."

"Amefariki lini?"

Dionis, ambaye ana tarehe ya kila kengele kati ya Kasulu na Kibondo, aliangalia saa yake.

"Leo," alisema. "Sasa hivi tu."

Bazilio aliandika, akachukua nondo, akatoka nje kugonga.